Taa za Bi Shariffa Hazizimwi

Bwana Suud aliposema kwamba gari la dada yake linakula kuliko farasi wake, Kidawa alikuwa nyuma ya pazia anakamua nazi, na nusura tui limwagike. Angekuwa amesema uongo, Kidawa angecheka akaendelea na nazi yake. Lakini hakusema uongo, na hilo ndilo lililomchoma.

Gari lenyewe lilikuwa la Mzungu mmoja muuza dawa aliyekuwa akihama kurudi kwao. Mkewe ndiye aliyekuwa akiliendesha, maana magari ya petroli yana mpini mbele, unauzungusha mpaka bega liteguke, na hili la umeme halikuwa na mpini. Unakaa, unasukuma kijiti, linakwenda kimya kimya kama paka anayetoka jikoni na samaki. Bi Shariffa alilipata kwa bei ya kutupa, kwa sababu mjini kote hakuna aliyelitaka. Petroli utanunua debe ukaliweka uani. Umeme utauweka wapi? Watu wa Malindi, mtaa wa Unguja mjini, waliliangalia likiingizwa uani kwa Bi Shariffa, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kusali.

Bi Shariffa alikuwa na sababu yake. Baba yake alimwachia shamba la minazi Kiembe Samaki, maili tano kutoka pale Malindi, na tangu mzee afariki, mwaka wa sita huo, ufunguo wa ghala la nazi ulining'inia kiunoni kwa kaka yake, Suud. Suud ndiye mwenye farasi, ndiye mwenye gari la farasi, na ndiye anayejua leo farasi anaumwa mguu, leo mvua, leo si siku ya mwanamke kutoka. Kila mwaka alileta fedha kidogo na maneno mengi. Minazi imezeeka. Panya wamezidi. Kima wamekula madafu.

"Kima gani hao wanaokula nazi elfu mbili, kaka?" Bi Shariffa alimuuliza siku moja.

"Kima wa Kiembe Samaki wana njaa," Suud akajibu, wala hakucheka.

Basi Bi Shariffa alitaka akaone kwa macho yake, siku atakayo yeye, bila kumwomba mtu farasi. Hilo tu. Na wa kumpeleka alikuwa Kidawa. Wawili hao wamenyonya ziwa moja, la mama yake Kidawa, wakakua chini ya dari moja. Mbele za watu Kidawa humwita Bi Shariffa, wakiwa peke yao humwita Shariffa na humgombeza. Dereva mwanamume angeleta maneno ya mji mzima. Kidawa, mwenye miaka arobaini kasoro na mikono iliyokuna nazi tangu utoto, alijifunza kuendesha uani kwa siku nne, na kisima alikigonga mara moja tu. Akashona mapazia ya kufunika pande zote za gari, tayari.

Kulilisha gari ndiko kulikowashinda.

Jecha, fundi wa nyaya kutoka Ng'ambo, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa umeme wenyewe, aliwaeleza mapema. "Umeme wa waya wa mjini una nguvu mno kwa betri hizi, Bi Kidawa. Ukiutia hivi hivi, betri zitachemka, tutazika gari. Ipo mashine ya kuupunguza nguvu, lakini bei yake unanunua gari jingine kama hili. Au tuupitishe kwenye taa kwanza. Taa zitakula ile nguvu iliyozidi, na inayobaki ndiyo itaingia garini."

"Basi pitisha kwenye taa."

Akapigilia globu ishirini kwenye ubao, akautundika ukutani kwenye banda la gari. Kila siku ya kulijaza gari, taa ishirini ziliwaka bandani mchana kutwa, zinawamulikia kuku. Jua liko nje linachoma, na ndani taa zinawaka! Mita nayo inazunguka. Bili ya Shaaban ilipokuja ilikuwa rupia arobaini na sita.

Hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa ameishika Bwana Suud siku ile, siku ya mwisho ya Shaaban, ameketi sebuleni na fimbo yake magotini.

"Farasi wangu, pamoja na majani na mchungaji, ananigharimu rupia thelathini kwa mwezi," alisema. "Na farasi anakujua jina. Hili lako linakula arobaini na sita, na halijui hata kulia. Liuze, Shariffa. Mie nipo. Shamba nitalitazama kama nilivyolitazama siku zote."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema Bi Shariffa, taratibu.

Suud akajifanya hakusikia. "Haya, nikupe mwezi mmoja, nisije nikaambiwa nimekuonea. Ramadhani hii. Bili ya nyumba na gari ikikutoka mfukoni chini ya rupia thelathini, na ukawa umekwenda shamba kila wiki kwa gari lako, huu hapa." Akaupiga ufunguo kwa vidole, ukalia. "Utakuwa wako, na neno la shamba hutalisikia tena kinywani mwangu. Ikizidi, gari linauzwa, na wewe utatulia nyumbani ule fedha zako kwa raha."

"Nimekubali," akasema Bi Shariffa.

Kidawa nyuma ya pazia alijiuma ulimi. Amekubali! Kwa hesabu gani? Suud alipoondoka, Kidawa alitoka na mikono imejaa tui. "Shariffa, umerogwa? Chini ya thelathini utafikaje?"

"Sijui," Bi Shariffa alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Lakini ningesema nini? Nikiuacha ufunguo ule mwaka huu, siupati tena mpaka nife."

Kidawa akarudi jikoni kwa hasira. Hasira zake huzipeleka jikoni siku zote, na watu wa nyumba ile hula vizuri siku anapoudhika. Akapuliza moto, akaukoroga mchuzi, akachukua koleo akachimbua muhogo aliokuwa ameufukia kwenye majivu chini ya chungu. Ulikuwa umeiva. Akaukata, akaupuliza, kisha akasimama na muhogo mkononi. Juu mchuzi, chini muhogo, na makaa ni yale yale. Akautazama moto wake, halafu akatazama nje, kule bandani, ambako taa ishirini zilikuwa zinawamulikia kuku.

"Jecha!"

"Naam!" Jecha alijibu kutoka uani.

"Hizo taa lazima ziwe hapo?"

"Ziwe wapi, Bi Kidawa?"

"Ndani. Ukumbini, ngazini, dakani pale mlangoni. Panapotakiwa taa."

Jecha alijikuna kisogo. Akatazama ubao, akatazama nyumba, akahesabu kwa vidole kitu anachokijua mwenyewe. "Waya utakuwa mrefu," alisema. "Lakini taa hazijui zipo wapi. Zikiwaka ukumbini, gari litapata vile vile kama zikiwaka hapa."

"Na zile taa za nyumba tunazowasha kila usiku?"

"Zile zitakaa zimezimwa. Hizi zitafanya kazi yake." Jecha akaanza kucheka peke yake. "Lo! Na mie siku zote hizi nawaangazia kuku!"

Siku mbili nzima alivuta nyaya, akaipa kila taa swichi yake, na usiku wa tatu wa Ramadhani, baada ya tarawehe, Kidawa akabana swichi kubwa. Nyumba nzima ikawaka kwa mpigo, kuanzia dakani mpaka ukumbi wa juu, na kule bandani kisaa kidogo cha garini, kinachoonyesha umeme unaoingia, kikaanza kupanda. Bi Shariffa alipiga makofi kama mtoto.

Nuru ile haikufichika. Mwezi wa Ramadhani mafundi wa kike wa mtaa hawalali: kanzu za sikukuu, kofia za viua, zile za matundu, nguo za watoto, zote zinasubiri. Sichana, mshonaji kofia aliyekaa nyumba ya pili, mwanamke mrefu mwenye mdomo usiofungwa, alikuwa wa kwanza kubisha hodi na kofia yake kwapani.

"Bi Shariffa, shikamoo. Kandili yangu inanitoa machozi. Niazime pembe ya ukumbi tu, nimalize hili tundu."

"Marahaba, Sichana. Karibu, ukumbi ni wako."

Kesho yake akaja na wawili. Siku ya tano wakawa kumi na wanne, kila mmoja chini ya taa yake, sindano zinakwenda, masihara yanakwenda, na Kidawa anapitisha kahawa na tende. Hakuna mshonaji aliyejua kwamba kila tundu la kofia likishonwa, gari la uani linapata tonge lake. Kidawa alijua. Usiku ule alipanda kulala mapema kama siku zile zote, amejaa raha, kwa sababu asubuhi, Jumatatu, ndiyo safari ya kwanza ya shamba.

Walikwenda vizuri. Mnazi Mmoja walipita kama upepo, watu wamesimama midomo wazi. Kiembe Samaki walikaa mpaka adhuhuri. Bi Shariffa alihesabu minazi mwenyewe, mti kwa mti, mpaka msimamizi akatokwa na jasho. Kurudi, gari lilianza kulegea. Likapunguza. Likafika kwenye kile kimwinuko cha Kilimani, likasimama, likakataa.

Kidawa alisukuma kijiti, akakivuta, akalibembeleza, akalitukana. Wapi! Wakakaa juani saa nzima, wamefunga, koo zimekauka, mpaka akapatikana mtu mwenye punda wa kukokota chokaa. Na ndivyo walivyoingia mjini: gari la umeme mbele lina punda. Bwana Suud akapita na farasi wake wakati ule ule, kana kwamba kuna mtu aliyemwita.

"Mpeni majani huyo!" alipiga kelele kutoka juu ya farasi. "Au anakula taa tu?"

Watu wakacheka mpaka Darajani. Ndani ya mapazia Bi Shariffa alijifunika uso kwa viganja. Kidawa alitamani ashuke ampige mtu, na mtu mwenyewe alimjua.

Jioni Jecha alipima betri. "Hazikujazwa," alisema.

"Hazikujazwaje? Usiku kucha taa zinawaka!"

"Mie nakwambia ninachokiona, Bi Kidawa. Zimepata robo tu."

Kidawa hakubishana. Usiku ule hakupanda kulala. Alikaa kwenye ngazi, mikono kifuani, macho ukumbini. Wanawake walishona, wakasema, wakacheka. Ilipofika saa nne, Sichana akakunja kofia yake, akasimama, akajinyoosha, akasema, "Bi Shariffa, Mungu akuzidishie." Kisha, kabla ya kutoka, akanyoosha mkono kwa utaratibu kabisa, akaizima taa yake. Aliyemfuata naye akaaga, akazima. Wa tatu vile vile. Kila mmoja anaaga, anazima, kama walivyolelewa wote na mama zao. Mwanamke mwenye adabu hatoki kwenye nyumba ya mwenzake akaacha mafuta ya watu yanaungua. Wa mwisho akazima na za ngazini na dakani, na ilipofika saa tano nyumba ilikuwa giza tupu, na kule bandani kisaa cha garini kimelala sifuri.

Kidawa alishika kiuno. "Kumbe ni nyinyi!" alisema peke yake gizani. "Adabu zenu ndizo zilizonifikisha kwa punda!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini.

Kesho yake, kabla hata sindano hazijatolewa, alisimama katikati ya ukumbi na mwiko mkononi. Akawaeleza yote: betri, waya, taa, Kilimani, punda, Suud na ufunguo wake. Wengine walishika midomo. Mize, mshona kanzu, alilia kwa kucheka.

"Kwa hiyo kila nikizima, namnyima gari chakula?" aliuliza Sichana.

"Unamnyima. Ukitoka, toka. Taa iache. Atakayezima nitamtia mwiko huu, awe mkubwa, awe mdogo."

"Na taa zikiwaka bila mtu?"

"Zisiwake bila mtu. Kaeni. Shoneni mpaka daku. Uji nitawapikia mie."

Sichana alifikiri kidogo, halafu akamvuta Kidawa pembeni, akamtia pesa mbili kiganjani. "Hizi ndizo ninazonunulia mafuta ya taa kila siku. Kwangu kandili haiwaki tena. Si haki nishone kwa taa ya mtu bure mwezi mzima."

"Toba! Bi Shariffa akijua mgeni analipia taa nyumbani kwake, atakufa kwa aibu."

"Basi asijue," akasema Sichana. Na usiku ule ule likaletwa kopo tupu la biskuti, likawekwa chini ya ngazi, nyuma ya ndoo. Kila aliyeingia alipitia pale, pesa ikalia, mdomo ukafungwa.

Tangu siku ile gari halikusimama tena. Jumatatu ya pili walikwenda Kiembe Samaki wakarudi, na umeme ukabaki. Ya tatu walikwenda, wakapitia Mbweni kumwona shangazi mgonjwa, wakarudi. Ya nne vile vile. Kile kimwinuko cha Kilimani walikipanda Kidawa akiimba. Na minazi ile iliyozeeka, wallahi, ikaanza kuzaa ghafla! Kila Bi Shariffa alipofika, lundo la nazi lilikuwa kubwa kuliko la wiki iliyopita. Kima nao wakashiba, hawakuonekana tena.

Usiku wa kuamkia mwezi ishirini na tisa, wanawake wote wakiwa kazini na sikukuu iko mlangoni, Bwana Suud alikuja. Hakuweza kupanda ukumbini kwenye wake za watu, akapokewa dakani, chini ya taa ya mlangoni. Bi Shariffa alishuka, na Kidawa nyuma yake. Juu, pazia la ukumbi likaacha kutikisika, na sindano zote zikanyamaza.

"Karani wa mita kapita leo," alisema Suud. "Nipe karatasi."

Bi Shariffa akampa. Alikuwa ameisoma jioni ile na alijua kilichoandikwa. Suud akaisogeza kwenye taa, na uso wake ukakunjuka.

"Thelathini na nne," alisema. "Umejitahidi, Shariffa, hilo nakupa. Umetoka arobaini na sita. Lakini thelathini na nne si thelathini. Kesho kutwa nitamleta mnunuzi."

Bi Shariffa aligeuka nyuma. Alimtafuta Kidawa kwa macho, Kidawa hakuwepo. Alikuwa ameinama chini ya ngazi. Akarudi na kopo la biskuti amelikumbatia kwa mikono miwili, akaligeuza juu ya baraza la dakani. Pesa zikamwagika, zikabiringika mpaka miguuni kwa Bwana Suud.

"Zihesabu," alisema Kidawa. "Mie nshazihesabu mara tatu. Rupia kumi na nane na ushei. Wamelipa wao, kila mtu mafuta ambayo hakuyanunua. Toa kwenye thelathini na nne zako. Kilichomtoka Bi Shariffa mfukoni ni rupia kumi na sita, bwana. Nyumba na gari, pamoja."

Bi Shariffa uso ulimwiva. "Kidawa," alisema kwa sauti ndogo, "umewatoza wageni wangu?"

"Naam!" alidaka Suud, amepata pa kushika. "Binti ya baba yangu anatoza watu taa! Sikia, mji wote ukijua..."

"Sisi si wageni, Bwana Suud!" Ilikuwa sauti ya Sichana, kutoka nyuma ya pazia. "Sisi tupo kazini! Na pesa ni zetu, tumetia wenyewe kwa mikono yetu, Bi Shariffa hajui lolote!"

"Na tutatia tena!" akasema Mize. "Mfunguo mosi, mwezi ujao huu, una harusi kumi na moja mtaani hapa. Nani atashona kwa kandili tena?"

Sauti nyingine zikapanda juu yake, zote pamoja, na pazia likavimba kama linataka kuanguka. Bi Shariffa alitazama juu, kisha akazitazama pesa zile zilizotapakaa, pesa za watu waliojinyima kwa ajili yake, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. Akanyoosha kiganja mbele ya kaka yake.

"Ulisema initoke mfukoni chini ya thelathini," alisema. "Nimekwenda shamba kila wiki. Ufunguo wangu, kaka."

Suud alikuwa mtu wa kiburi, lakini wa neno lake pia, na nyuma ya pazia walikuwapo mashahidi zaidi ya ishirini wenye ndimi. Akaufungua ufunguo kiunoni, taratibu, akauweka kwenye kiganja cha dada yake. Juu kukapigwa kigelegele kimoja, kikafuatwa na vingine mpaka nyumba ikatetemeka, na Kidawa akapiga chake cha mwisho, kirefu kuliko vyote, karibu kabisa na sikio la Bwana Suud.

"Haya," alisema Suud, akaokota fimbo yake. "Usiku mwema." Akafika mlangoni. Na kwa kuwa naye alilelewa vizuri, na mama yule yule aliyemzaa Shariffa, akanyoosha mkono kwenye taa ya daka.

"Usizime!"

Nyumba nzima ilipiga kelele kwa pamoja. Bwana Suud akaurudisha mkono, akatoka nje akiwa anapapasa ngazi za nje kwa mguu, na taa ikabaki inawaka.